Nafasi ya Mzee Maganga

Pale stendi ya Handeni kuna kijana mwenye kibanda cha kutengeneza simu, kimebanwa kati ya muuza soda na muuza ndala. Mwezi uliopita nilishuka kwenye basi la kutoka Korogwe nikiwa na kanga ya msiba begani, nikapita mbele yake wakati uleule alipogusisha chuma cha moto kwenye risasi ya kuungia nyaya. Moshi ukapanda, mwembamba, wenye utamu wa mbali na ukali unaokwaruza koo, nami nikasimama palepale. Kijana akainua kichwa. "Karibu mama. Simu ina tatizo gani?" Nikamwambia simu yangu ni nzima. Akaniangalia, akaiangalia kanga yangu, akanisogezea kigoda. Nilikaa nikivuta ule moshi mpaka akamaliza kazi yake, na nisingeweza kumweleza kwamba kwa muda wote ule sikuwa Handeni. Nilikuwa kwenye kibanda cha baba yangu, kambini, betri zenye joto la jua zimejaa kwenye upindo wa gauni langu.

Nilikuwa nakwenda kumzika Mzee Maganga, mtani wa baba.

Wenzangu wa rika langu wanakumbuka ule wakati vitu vilipoanza kujaa madukani. Tulitoka kwenye foleni za sabuni tukaingia kwenye redio kaseti zenye taa nyekundu, tochi za plastiki, saa za mkononi zinazopiga muziki, mitumba iliyomwagwa chini sokoni Korogwe kama mahindi ya kuanikwa. Watu wanausimulia wakati huo kwa furaha na siwalaumu. Ila sisi wa kambi za mkonge, vitu vilipoingia kwa mlango mmoja, kazi ilikuwa inatoka kwa mlango mwingine, na wazazi wetu walisimama katikati wakitazama huku na huku.

Kambi yetu ilikuwa upande wa Mnyuzi, nyumba za mstari mmoja zilizopakwa chokaa enzi za watu tusiowajua, reli haiko mbali, mkonge pande zote mpaka macho yachoke. Kiwanda cha kuchakata mkonge tulikiita korona, miaka mingi kabla neno hilo halijawa la ugonjwa. Korona ilikuwa na harufu yake, harufu ya majani yaliyopondwa na maji yaliyochacha, mgeni akifika anaziba pua na sisi tunamcheka. Baba alikuwa fundi mitambo humo. Asubuhi ilipigwa reli, kipande cha chuma cha njia ya treni kilichoning'inizwa getini, na mlio wake ukifika kambini baba alikuwa ameshafunga kamba za buti. Mimi nilidhani ni ile reli inayowasha mashine. Nilidhani ikipigwa, chuma kinamwita chuma mwenzake.

Kisha korona ikasimama. Wafanyakazi wakaitwa uwanjani, bwana mmoja mwenye suruali iliyopigwa pasi akawaambia kwamba shirika linatafuta mwekezaji, kwamba mashine zimezeeka na zitapelekwa Tanga kukarabatiwa, zirudi kama mpya. Akasema, "Mtaitwa." Neno hilo baba alirudi nalo nyumbani, akamwambia mama, mama akawaambia majirani ambao nao walikuwa wameshaambiwa na waume zao. Kwa muda mrefu kambi yetu iliishi juu ya neno hilo. Mtu hakwenda kwao Songea wala Kigoma, kwa sababu ataitwa. Mtu hakupanda minazi wala miembe, maana atapata muda gani wa kuitunza akishaitwa? Buti za baba zilikaa chini ya kitanda, na kila mara alizitoa akazipaka mafuta.

Aliyebakizwa kazini alikuwa Mzee Maganga peke yake. Walimpa kabuti, wakamwambia alinde kiwanda na asiruhusu mtu kupita getini, hata aliyewahi kufanya kazi mle. Akaendelea pia kupiga reli kila asubuhi. Ilikuwa ajabu kuisikia ikilia wakati hakuna anayekwenda popote, lakini wazee walisema ni vizuri, inaonyesha kiwanda bado kiko hai. Mara kwa mara tuliona malori yakipita mbali, barabara ya nyuma, yamefunikwa turubai. Baba alisimama mlangoni akiyatazama kwa uso wa mtu aliyetoa kitu chake kwa fundi anayemwamini. "Wanaipeleka Tanga," aliniambia. "Ikirudi utaona. Itakuwa haipigi hata kelele."

Sisi ni Wazigua, na Mzee Maganga alikuwa Mnyamwezi, kwa hiyo yeye na baba hawakuwa na haja ya kuwa marafiki, walikuwa watani tayari. Alikuja kwetu bila hodi. Alifunua sufuria ya mama akasema hiki chakula kimepikwa na mtu asiye na meno. Baba naye alimwita mpagazi, akamuuliza mizigo ya Waarabu ameiacha wapi. Waliambiana maneno ambayo watu wengine wangeitana mahakamani. Mimi utani niliujua, sikuwa mjinga. Nilijua kwamba matusi ya mtani hayaumi. Kitu ambacho hakuna aliyenifundisha ni kwamba ahadi ya mtani nayo haina uzito.

Vidude vya kupiganisha vilianza kwa sababu ya video. Mzee Maganga alikwenda Korogwe siku moja, akaingia kwenye kibanda cha video, na akarudi akiwa haongei kitu kingine ila mtu wa chuma. Alisimulia kwa mikono na miguu. Roboti, alisema. Hali chakula, halali usingizi, anapigwa ngumi anainuka. "Wazungu wanatengeneza mtu mzima," akamwambia baba, "wewe Mzigua unajiita fundi, hata panya wa bati humuwezi." Baba alikuwa anatengeneza redio ya mtu. Aliendelea kukaza skrubu. Lakini jioni ile aliifungua redio kaseti moja iliyoachwa na mwenyewe, akaitoa mota yake ndogo, akaishika kiganjani, akaiunga na betri. Mota ikazunguka. Akaniambia, "Zuhura, niletee kopo la samaki."

Hivyo ndivyo alivyozaliwa Kobe. Kopo la samaki lililobanwa, mota mbili za redio, mikanda ya mpira, magurudumu yaliyokatwa kwenye ndala kuukuu ya mama, ambayo mama aliitafuta wiki nzima. Betri zilikaa ndani ya kipande cha mwanzi mgongoni. Nyuma yake ulitoka waya mrefu ulioishia kwenye swichi za tochi, unazibonyeza anakwenda mbele, unageuza nyaya anarudi nyuma. Mzee Maganga naye, ambaye hakuwa fundi lakini alikuwa na mkono mwepesi na shida ya mtu anayekaa getini siku nzima bila la kufanya, alitengeneza cha kwake akakiita Faru. Faru alikuwa na mkono wa mti wa mwavuli unaoinuka kwa uzi, na mkono ule ulikuwa hatari.

Waliwapiganisha Jumapili jioni, kwenye sakafu ya duka la ushirika lililofungwa. Duara lilichorwa kwa majivu. Anayetolewa nje kashindwa, anayelala chali kashindwa. Mara ya kwanza Faru alimwingizia Kobe ule mkono chini ya tumbo, akamlaza chali kabla sijapumua, na kambi nzima ikacheka. Kobe alibaki akizungusha magurudumu hewani. Nililia. Mzee Maganga akazunguka duara akicheza ngoma ya kwao bila ngoma, kabuti likipepea, akisema Wazigua kazi yao kulala.

Kuanzia hapo kibanda cha baba kikawa na kazi. Hicho kibanda alikijenga ubavuni mwa nyumba kwa mabati ya zamani, na wateja wa redio walikuwa wa kubahatisha, ila Kobe alikuwa mteja wa kila siku. Kazi yangu mimi ilikuwa betri. Hatukununua mpya, tuliokota zilizokwisha kwenye redio za watu, na asubuhi nilizianika juu ya bati zipate jua. Kila mtu wa wakati ule anajua kwamba betri ikipigwa na jua inakumbuka nguvu zake kidogo. Nilizigeuza kama mtu anayechoma mihogo. Mchana niliziteremsha kwenye upindo wa gauni, zina joto, zina harufu ya chuma na chumvi, na nilizikimbiza kwa baba kabla hazijapoa.

Alinifundisha mengi pale, na mengi nimeyasahau, lakini moja halinitoki. Siku moja nilitaka kutoa gurudumu lililokwama, nikachukua msumeno. Akanishika mkono. "Usikate kinachofunguka," akasema. "Kitu unachotaka kukirudisha, kifungue. Tafuta nati yake, hata kama ina kutu, ipe mafuta, isubiri. Ukishakata, umekiaga." Tulikaa na ile nati mpaka jua likazama. Ilifunguka.

Kobe akapigwa tena, na tena, na kila mara alirudi kibandani akaongezwa kitu. Baba alimshusha tumbo lisipate nafasi ya kuingiziwa mkono. Alimwekea kipande cha risasi mbele awe mzito. Alitupa magurudumu ya ndala akakata ya mpira wa tairi yenye meno. Nilimwona amekonda uso, lakini mikono yake ilikuwa na afya, na nilijua hata kwa akili yangu ile kwamba afya hiyo inatoka kwenye kopo la samaki na si mahali pengine. Mama alikuwa anauza vitumbua stesheni kwa abiria wa treni, na treni nazo zilikuwa zinapungua. Hakumlaumu baba kwa maneno. Alipita mlangoni pa kibanda na ndoo yake, akatazama, akaendelea.

Kisha ikaja Jumapili ambayo Faru alishinda kirahisi mno, na Mzee Maganga, kwa kunogewa, akapanda juu ya ngazi ya duka akawatangazia watu. "Sikilizeni. Siku Kobe atakapomwangusha Faru, namwachia Mzigua nafasi yangu ya kazi. Kabuti hili atavaa yeye. Mimi nakwenda zangu kulima mihogo." Watu wakacheka mpaka wakashikana. Baba akajibu kitu kuhusu kabuti na chawa, wakacheka zaidi.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimesimama na waya mkononi, na nilikuwa nimesikia mtu mzima mwenye kazi akitoa neno lake mbele ya kambi nzima. Kumbe njia ilikuwepo. Kumbe hatukuwa na haja ya kungoja mwekezaji. Kobe akishinda, baba anarudi korona, anavaa buti, anatoka reli ikilia, na mama anaacha kupanda na kushuka na ndoo ya vitumbua. Sikumwambia mtu. Nilianza kuzianika betri alfajiri, jua lenyewe halijatoka, ili zisikose hata kidogo. Niliziombea. Nilikuwa nimefundishwa sura fupi madrasa, nikazisoma juu ya betri zilizokwisha, na Mungu anajua nilivyokuwa na yakini.

Mabadiliko ya mwisho ya Kobe yalikuwa kipande cha bati. Baba alikaa siku nyingi akimtazama Faru kichwani mwake, ndivyo alivyosema, halafu akakata ulimi mpana wa bati, akaunoa kwa jiwe, akaufunga mbele ya Kobe kwa nati mbili, chini kabisa, ukisugua sakafu. "Sasa yeye ndiye atakayepanda," akasema. Jumapili ilipofika alinipa mimi swichi. Faru akaja na mkono wake umeinuka, nami nikabonyeza mbele, sikuachia. Ule ulimi ukaingia chini yake. Faru akapanda juu ya Kobe bila kupenda, akayumba, akaanguka chali nje ya majivu, mti wa mwavuli ukavunjika.

Makelele yaliyotoka pale sijawahi kuyasikia tena kambini kwetu. Watu wazima walirukaruka. Mzee Maganga alijitupa chini akajifanya amekufa, wakamfunika kanga, akafufuka akiomba ugali. Baba alicheka kicheko cha kweli, mkono kichwani mwangu. Usiku huo nililala mapema nikiwa na amani ya mtu aliyemaliza kazi.

Asubuhi niliamka kabla ya mama. Nilizitoa buti chini ya kitanda, nikazifuta, nikaziweka mlangoni zikitazama nje. Nikatoa na ile suruali yake ya kazi yenye madoa ya grisi. Kisha nikakaa kwenye kizingiti kungoja. Reli ikalia. Baba akatoka akijinyoosha, anatafuta maji ya kunawa, akazikuta buti.

"Nani kaziweka hapa?"

"Mimi. Baba, reli imepigwa."

"Nimesikia."

"Utachelewa."

Akanitazama akitabasamu, akidhani ni mchezo. Nikamweleza. Nilimweleza kila kitu, kwamba Mzee Maganga alisema mbele ya watu, kwamba Kobe ameshinda, kwamba sasa nafasi ni yake. Mama, aliyekuwa anapuliza moto, akacheka kidogo, halafu akauona uso wangu akainamia moto wake. Baba akaziangalia buti. Nadhani alikuwa anatafuta maneno ya kuniambia kwamba utani ni utani, na akayakosa, au aliyapata akaona hayasemeki kwa mtoto aliyekwisha kufuta buti. Akakaa kwenye kizingiti kando yangu, akazivaa. Akafunga kamba polepole. "Twende basi," akasema. "Twende tukamdai."

Tulitembea kwa miguu katikati ya mkonge ambao magugu yalikuwa yameshauzidi kimo. Watu waliotuona walimsalimia baba wakaangalia buti zake. Mimi nilikuwa nimemshika mkono na nilijisikia mkubwa. Getini Mzee Maganga alikuwa ameketi chini ya ile reli, nyundo mapajani. Alipotuona akainuka na kuanza utani wake. "Mzigua, asubuhi yote hii, mmeishiwa chumvi?" Nikamwamkia, "Shikamoo." Kisha nikasema, kabla baba hajafungua mdomo, "Tumekuja kuchukua nafasi. Kobe alishinda."

Aliniangalia mimi, akaangalia buti, akamwangalia baba. Sijui baba alimfanyia ishara gani juu ya kichwa changu. Ninachojua ni kwamba uso wa Mzee Maganga ulianguka. Ulikuwa ni uso wa kuchekesha siku zote, mashavu yalikuwa yamezoea, na sasa yalikosa pa kukaa. Akavua kabuti, akalitundika kwenye reli. Akafungua kufuli. Akasema, kwa sauti ambayo haikuwa ya mtani wa mtu, "Ingieni."

Baba alisita, maana ilikuwa imekatazwa. Kisha akaingia.

Sikuwahi kuingia korona kabla ya siku ile, kwa hiyo sikujua kinachokosekana. Niliona jengo refu lenye giza la kupendeza na mwanga unaoingia kwa matundu ya bati, na njiwa. Nilidhani kiwanda ndivyo kilivyo, nafasi kubwa na njiwa. Nilitaka kupiga kelele nisikie mwangwi. Baba aliuacha mkono wangu. Alitembea mpaka katikati, pale ulipokuwa ukikaa mtambo mkubwa, akachuchumaa. Kwenye zege palikuwa na vichwa vya bolti vimejipanga mistari miwili. Aligusa kimoja kwa kidole. Akagusa cha pili. Nikaenda nikachuchumaa naye.

Zilikuwa zimekatwa. Zote. Zilikatwa kwa gesi, chuma kimeyeyuka kikaganda kama nta ya mshumaa, na nati zake bado zilikuwa zimekaza chini, hazikuguswa na spana.

Nilimwangalia baba nisimuulize kitu. Alikuwa amenifundisha mwenyewe.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu lori la kwanza," Mzee Maganga akasema nyuma yetu. "Kinakwenda kuuzwa kama chuma chakavu. Hakijafika Tanga hata kipande, au kimefika kikapakiwa melini, mimi sijui. Waliniambia nikifungua mdomo na mimi niondoke."

"Na reli unaipiga ya nini?"

"Mzigua." Akaigeuza nyundo mkononi. "Ningeacha kuipiga, mngeamka asubuhi mfanye nini?"

Baba alibaki amechuchumaa, mkono juu ya bolti, kama mtu anayempima mtoto homa. Kisha Mzee Maganga akaja mbele, akamwekea ile nyundo ya kupigia reli karibu na mguu. "Niliahidi mbele ya watu," akasema. "Nafasi yangu ndiyo hii. Kama unaitaka, ichukue." Na nataka nieleweke, hakukuwa na utani ndani ya maneno yale. Alikuwa anaitoa kweli. Nilikuwa nimeshinda, ahadi ilikuwa inatimizwa, na nilitamani kuliko kitu chochote duniani ahadi ile irudi kuwa mzaha.

Baba akainuka, akanishika mkono, tukatoka. Nyundo ilibaki pale chini.

Njiani nilimuuliza kama tutawaambia watu. Alitembea kwanza. Baadaye akasema, "Wataamka wafanye nini?" Kwa hiyo hatukusema, na kesho yake reli ikalia, na baba akaisikia akiwa kitandani, na mimi nikamsikia akiisikia. Hilo ndilo lililokuwa baya zaidi. Kabla ya hapo tulikuwa tunangoja pamoja na kambi nzima. Sasa wenzetu walikuwa wanangoja, na sisi tulikuwa tunawatazama wakingoja.

Kobe hakupigana tena. Baba alimfungua juma lilelile, nati kwa nati, akazipanga sehemu zake kwenye mkebe, hakukata hata waya. Mota moja aliirudisha kwenye redio ya mtu. Nikaendelea kuanika betri kwa siku kadhaa kwa mazoea, hakuna aliyeniambia niache, na mwishowe zikaanza kuvuja maji meusi juu ya bati. Redio nazo ziliacha kuja. Mpya zilikuwa rahisi, watu walitupa mbovu wakanunua nyingine, fundi wa nini tena. Siku moja reli haikulia. Watu walitoka nje ya nyumba zao wakatazamana. Mzee Maganga alikuwa ameondoka kwenda Handeni, kwa wakwe, na kiwanda hakikuwa na cha kulinda hata kwa kujifanya. Ndipo kambi ilipojua, na ndipo watu walipoanza kufunga mizigo, wengine wakiwa wazee mno kwa safari waliyopaswa kuifanya zamani.

Baba alikufa nikiwa msichana mkubwa. Mama anasema ni kifua. Mimi nasema kifua kilipata nafasi. Mzee Maganga alikuja mazishini, na wazee wa mila wakasogea kumpisha, maana mtani ndiye anayechangamsha msiba. Tulitegemea avae shati la marehemu, aige mwendo wake, alale njiani kuzuia jeneza mpaka akombolewe. Hakufanya lolote. Alikaa kwenye mkeka pembeni, kofia mkononi, na alipoulizwa akatikisa kichwa. Shangazi zangu walichukia. Walisema Mnyamwezi yule amemzika mtani wake kama mgeni. Nilitaka kuwaambia, lakini ningeanzia wapi?

Sasa, siku ile nilipotoka stendi nikafika kwake Handeni, nilikuta jeneza bado limo ndani, watu wamejaa uani. Nilijitambulisha kwa mjane wake, Mama Maganga, ambaye macho yamekwisha. Akanipapasa uso. "Mtoto wa Mzigua," akasema. "Basi angalau ana mtani." Na wale wazee wa Kinyamwezi waliosikia wakaanza kunitazama kwa matumaini, kwa sababu msiba ulikuwa umepoa, na Wazigua wa pale wote walikuwa wakwe zake, wasioweza kumtania. Utani unarithiwa. Nilikuwa sijawahi kuufanya maishani. Mimi ni mshonaji wa sare za shule, si mtu wa kuchekesha.

Lilipoinuliwa jeneza, nilikwenda nikasimama mlangoni. Nikajifunga kanga kiunoni, nikanyoosha mikono, nikashika mihimili ya mlango huku na huku.

"Huyu hatoki," nikasema. Sauti ilitetemeka, wakadhani ni maigizo. "Huyu ana ahadi yangu. Alisema mbele ya kambi nzima kwamba Kobe akishinda, atampa baba yangu nafasi ya kazi kiwandani. Kobe alishinda. Baba amefunga buti. Nimekuja kuchukua nafasi ya baba."

Uani wakaangua kicheko. Wanaume waliobeba jeneza waliegemea ukuta wasije wakaliangusha. Mwanamke mmoja alijifuta machozi akisema, "Mzigua huyu, jamani, na msiba wote huu anadai kazi." Mama Maganga peke yake alikuwa hacheki. Wakanitupia kuku wa kukombolea jeneza wakisema nipokee, kazi hakuna, kiwanda kimekufa siku nyingi, nikawajibu sitoki, nataka kazi ya baba, wakacheka tena, na sikuwa nimesema hata neno moja la utani.

Mwishowe mikono ilichoka. Nikaishusha, nikachukua kuku wangu, nikawapisha. Jioni mzee mmoja alikuja kunishika mkono, akaniambia kwamba miaka mingi hajaona mtani anayeijua kazi namna ile.